Arobaini ya Mpika Komoni

Ijumaa, 16 Mei

Bibi Lukresia amefariki leo alfajiri, hapa nyumbani Msamala, kitandani kwake, rozari mkononi na uji wake ukiwa haujaguswa. Nimefunga duka la dawa. Siwezi kuandika zaidi.

Jumamosi, 17 Mei

Kumbe kufiwa ni kazi. Tangu asubuhi natafuta turubai, masufuria, mchele na mtu wa vipaza sauti. Machozi hayajapata nafasi.

Mchana baba mdogo Thadei, mtoto pekee wa Bibi aliyebaki hai, alituita mimi na mdogo wangu Jane nyuma ya nyumba tugawane majukumu. Jane kapewa wageni. Mimi nimepewa kuandika historia ya marehemu, ile ya kusomwa siku ya mazishi, pamoja na ratiba ya mshereheshaji. "Wewe Dorine una Kiswahili cha kanisani," alisema. Kweli mimi ni katibu wa jumuiya na historia za marehemu nimeandika nyingi. Najua zinavyokwenda: alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, alijaliwa watoto, alianza kuugua.

Lakini kalamu ilikwama mahali pamoja. Bibi alikuwa mpika komoni, pombe yetu ya mahindi na kimea cha ulezi. Songea nzima inajua, au niseme Songea ile inayokunywa. Mama yetu alipomfuata baba kaburini, Jane hajaanza hata kutembea vizuri, ni komoni iliyotulea. Sare za shule, sabuni, ada ya shule ya masista, hata mtaji wa duka langu ulitoka kwenye mapipa yanayochemka kilabuni. Sasa mambo hayo unayaandikaje yakasomwe mbele ya padri, masista, wateja wangu na akina mama wa jumuiya? Halafu kuna wakwe. Hassani, kijana wa Kiyao kutoka Nakapanya, Tunduru, ameleta posa ya Jane. Suala la dini wamelimaliza wenyewe, lakini mama yake, Bi Mwanaheri, ni mtu wa swala tano, na amepiga simu kwamba yuko njiani anakuja kuzika.

Nikaandika: "Enzi za uhai wake marehemu alijishughulisha na kilimo pamoja na biashara ndogondogo."

Jane alikuja akaisoma juu ya bega langu.

"Dada, biashara ndogondogo?"

"Ulitaka niandike nini? Wakwe zako wanakuja."

"Lakini dada, mama yake Hassani..."

"Jane, nenda kaangalie wageni."

Akaenda. Sentensi imekaa vizuri, inasomeka kiheshima. Nimeisoma tena na tena, nikairidhia.

Jumatatu, 19 Mei

Tumezika. Kulikuwa na manyunyu, yale ya mwisho mwisho ambayo hayaloweshi udongo ila yanaharibu viatu.

Nilisoma historia bila sauti kutetemeka. Bi Mwanaheri alikaa mstari wa mbele upande wa wanawake, amejitanda ushungi mweusi. Nilipofika kwenye biashara ndogondogo aliinua uso akanitazama. Nikafikiri ameridhika.

Nyuma kabisa, karibu na migomba, walisimama akina mama wa kilabuni. Mbele yao alikuwa Mama Isidori, ambaye amepika komoni na Bibi jiko moja tangu mimi sijazaliwa. Walikuwa wameshona vitenge vya sare, vya kijani, na Mama Isidori ameshika shada kubwa la maua ya karatasi walilolitengeneza wenyewe. Nilipowaona ndipo nilipokumbuka kwamba kwenye ratiba sikuwaandika. Hapana, niandike sawasawa, maana hapa hasomi mtu mwingine. Sikuwasahau. Niliwaacha, kwa sababu kundi likiitwa lazima liwe na jina.

Kajetani, mshereheshaji, akaanza kuita makundi yaweke mashada. Mtoto wa marehemu. Wajukuu. Jumuiya. Kwaya. Majirani. Wageni kutoka Tunduru. Kila jina lilipotajwa Mama Isidori alilinyanyua lile shada kidogo, halafu akalishusha. Mimi nilisimama ubavuni kwa Kajetani. Alipomaliza, akauliza kwenye kipaza sauti, "Kuna kundi lolote limesahaulika?" kisha akanigeukia mimi mwenye karatasi.

Nikatikisa kichwa.

Mama Isidori aliniona. Watu walipotawanyika kwenda kunawa mikono, alinifuata, wenzake nyuma yake.

"Pole, mwanangu."

"Asante, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umesoma vizuri, sauti imefika mpaka kule nyuma. Ila nilitaka kuuliza, hiyo biashara ndogondogo ndiyo ipi? Maana mimi na Lukresia tumeshinda pamoja tangu Isidori wangu ananyonya, sikuwahi kumwona anauza vitumbua."

Hakuna aliyecheka. Waliondoka na shada lao, mmoja amejitwika kichwani, wakashuka nalo barabarani kuelekea kilabuni.

Nina aibu. Nimeliandika neno hili, naona halitoshi.

Jumanne, 20 Mei

Nimeosha masufuria siku nzima ili nisikae na mtu.

Jumamosi, 24 Mei

Nimefungua duka. Baridi imeanza. Mwenyekiti wetu wa jumuiya amenunua dawa ya kikohozi, akasema historia ya Bibi ilikuwa ya kistaarabu sana. Wiki iliyopita ningefurahi.

Ijumaa, 30 Mei

Leo mimi na Jane tumevuna mahindi ya Bibi kule Mletele. Aliyapanda mwenyewe Desemba, mgongo unamuuma, tukamkataza, akatuambia twende tukajikataze sisi. Mahindi ni mazito, mabua yamekauka vizuri. Tulikuwa tunavunja na kutupa kwenye tenga, mpaka Jane akaanza kucheka peke yake.

"Unakumbuka mapipa yake?"

Nani atasahau. Bibi aliyaita Petro, Paulo na Yuda. Yuda alikuwa anavuja. Kila akizibwa anavuja upande mwingine, na Bibi alimsema kwa jina lake mbele ya wateja: "Leo tena Yuda amenisaliti, kunyweni haraka." Alikuwa anakaanga unga kwenye bati kubwa huku anaimba nyimbo za Kilatini alizofundishwa na masista utotoni, maneno mengine ameyatunga mwenyewe. Kabla ya kutia kimea aliweka ishara ya msalaba juu ya pipa. Yeye hakunywa. Alionja, akatema pembeni, akasema "bado" au "haya", na hakuna aliyembishia.

Mke akija kilabuni kumfuata mumewe, mume anaondoka hata kama kopo lake la lita limejaa. Bibi mwenyewe atammwagia. Kuna mlevi mmoja alimtukana Mama Isidori, Bibi akamkimbiza na mwiko mpaka barabara kuu. Kesho yake jamaa akaja na kuku wa kuomba radhi. Bibi akampika huyo kuku, wakamla wote, na mlevi akapewa paja.

Hayo yote Jane aliyaona kwa macho. Mimi mengi nimeyasikia kwake. Likizo zangu nilikuwa najifungia ndani na vitabu, dirisha limefungwa ili nguo zisinuke moshi. Bibi alisema mwacheni, huyu anasoma. Alilisema kwa fahari kabisa, na leo katikati ya mahindi yake fahari ile imenichoma.

Jumanne, 3 Juni

Kupukuchua. Vidole vinauma.

Alhamisi, 5 Juni

Kikao cha familia. Arobaini itakuwa Jumamosi ya tarehe 28: misa asubuhi, chakula nyumbani, halafu pombe ya kumaliza msiba. Nikapendekeza soda na kreti za bia. Baba mdogo Thadei ni mtu mpole, amefanya kazi ya useremala maisha yake yote na wala hapendi kelele. Leo alipiga meza.

"Mama yangu umalize msiba wake kwa bia ya chupa? Itapikwa komoni, kwa mahindi aliyoyalima mwenyewe, na watapika wenzake. Mpishi anamalizwa na wapishi wenzake. Wasipokuja hao, Dorine, mimi tanga hili silianui."

Kisha akaniambia niende mimi kuwaomba. Hakusema kwa nini mimi. Hakuhitaji kusema.

Jumapili, 8 Juni

Nimekwenda kwa Mama Isidori baada ya misa. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi kwenye mkeka. Aliponiona alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kiti, akakifuta kwa kanga yake.

"Karibu, katibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, katibu."

Huyu mwanamke alinibeba mgongoni nilipougua surua. Sijawahi kuitwa kitu kingine kinywani mwake zaidi ya mwanangu. Nilitaka kukaa naye mkekani lakini kiti kilikuwa kimeshafutwa, nikakaa juu, yeye chini, nikaeleza nilichotumwa. Nikasema mahindi ni ya Bibi mwenyewe.

"Mahindi yake ni mazuri," alisema. "Lukresia hakuwahi kukosea mahindi." Akapukuchua gunzi lake hadi likaisha. "Ila siku hiyo tuna shughuli, katibu."

"Shughuli gani, mama?"

"Shughuli ndogondogo."

Alinisindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote. Angenitukana ningepata usingizi.

Jumatatu, 9 Juni

Upepo kutoka milima ya Matogoro tangu asubuhi. Duka halina watu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi kwa Mama Isidori na sukari na doti za vitenge. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akasema nina moyo. Halafu akamwita jirani yake mjane akampa vyote mbele yangu, sukari na vitenge. "Ametuletea katibu wa jumuiya," alimwambia. Yule mjane akanipigia goti.

Nimetembea kwa miguu hadi dukani. Njiani nilikuwa natunga maneno ya kujitetea: kwamba nilikuwa nawalinda Jane na posa yake, kwamba mtu akifiwa kichwa hakikai sawa, kwamba karatasi ile ilikuwa ndogo. Yote yanasikika vizuri njiani.

Baba mdogo ameniuliza wamesemaje. Nimesema wanafikiria.

Jumapili, 15 Juni

Nimeamua kupika mwenyewe. Kama hawataki kupika wao basi atapika mjukuu wake. Nimeloweka ulezi wa kimea.

Jumanne, 17 Juni

Ulezi nimeutandaza stoo sakafuni, nikaufunika magunia mabichi. Jane amepita, ameangalia, akaenda zake.

Ijumaa, 20 Juni

Leo nimefunua magunia. Badala ya kuota mikia myeupe, ulezi umeota ukungu wa kijani, na harufu imejaa nyumba nzima. Jane alisimama mlangoni ameziba pua.

"Wakati wa baridi Bibi alikuwa anaulaza jikoni, karibu na moto, chini ya majani ya migomba," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, dada. Siku hizi unapanga mwenyewe kila kitu."

Nilitaka kumgombeza. Nikashindwa kupata kosa lake.

Jumamosi, 21 Juni

Bi Mwanaheri amefika na basi la mchana, mapema kwa wiki nzima, amebeba korosho na unga wa muhogo. Anasema arobaini haiendwi siku ya kula, inaendwa siku za kazi. Hata ushungi hajaulegeza, amesimama katikati ya uwanja anavuta hewa.

"Mnapika komoni?"

Nikasema hapana, ni ulezi wa uji umeharibika.

Akacheka, yule mama, akacheka mpaka akashika nguzo. "Mwanangu, harufu ya kimea cha Lukresia mimi naijua. Na hiki si chake. Hiki kimeoza."

Tukakaa barazani. Jane akaleta chai, akaweka, akakaa karibu na mkwe wake bila hata kunitazama. Na Bi Mwanaheri akasimulia.

"Hassani alikuwa mdogo, tumbo limemvimba, tunamleta hospitali ya misheni. Barabara ya Tunduru enzi zile unaijua, na mvua ilikuwa inanyesha. Lori lilizama matopeni njia nzima. Tunafika Songea simjui mtu. Nikakaa stendi nalia. Lukresia alikuwa anatoka kununua ulezi. Hakuniuliza dini wala kabila, aliniuliza mtoto amekula nini. Nikamfuata. Kufika hapa naona mapipa, maana enzi hizo alikuwa anapikia nyumbani, nikaogopa, naye akaona nimeogopa. Akatoka, akarudi na sufuria mpya, akaniwekea mbele. Akaniambia, 'Hii haijaguswa na pombe, mwanangu, pika mwenyewe.' Na siku zote tulizokaa, mpaka mtoto amepona, hapa hapakupikwa komoni. Alikuwa anakwenda kupikia kwa mwenzake, Mama Isidori."

Mimi wakati huo nilikuwa bwenini kwa masista.

"Ndiyo maana Hassani alipokuja kusoma hapa mjini nilimwambia aende akamsalimie bibi yake. Ndipo akamwona huyu." Akampiga Jane kofi dogo la goti. "Siku ya mazishi nilikaa pale mbele nangoja nisikie habari zake. Ukasoma kilimo na biashara ndogondogo. Wallahi, nilidhani nimekosea msiba."

Nikacheka nao, maana ningefanya nini. Kisha nikaenda chooni nikakaa huko.

Kwa hiyo wakwe walikuwa wanajua. Jane alitaka kuniambia tangu siku ile nikamfukuza. Nisimsingizie tena mtu. Nilimficha Bibi kwa ajili yangu mimi, na duka langu, na kiti changu cha katibu. Yule aliyeninunulia hata kalamu ya kuandikia.

Jumatatu, 23 Juni

Leo nimekwenda kilabuni. Bi Mwanaheri alisema hawezi kuniacha niende peke yangu, akajitanda, tukaenda. Watu walitushangaa njiani, sijui waliwaza nini, mwenye duka la dawa na mama wa Kiislamu wanaelekea kilabuni mchana kweupe.

Nilidhani nitakuta watu wachache na mapipa makavu. Nikakuta moto. Petro, Paulo na Yuda wote wamejaa, akina mama wanakoroga, wengine wanaanua kimea kilichokauka, chekundu, kinanukia vizuri. Pale alipokuwa anakaa Bibi hapakukaliwa na mtu, na ukutani juu yake wametundika lile shada.

"Mmeanza kupika?" niliuliza, kama mjinga.

"Tuna msiba," alisema Mama Isidori. "Arobaini ya mwenzetu ni Jumamosi. Tumechanga mahindi."

Bi Mwanaheri alikuwa amekwishakwenda kwao, wanashikana mikono, wanatajiana jina la Hassani, mmoja anasema aa, yule mtoto wa tumbo! Mimi nilibaki nimesimama na Mama Isidori. Nikasema yote. Nikasema nilitikisa kichwa makusudi, nikasema naomba anisamehe, nikasema nitasimama Jumamosi niseme mbele ya watu wote. Nikalia. Alinipa ncha ya kitenge chake nijifute.

"Nimeshakusamehe, katibu. Mimi nikikaa na kinyongo pombe inachacha vibaya."

"Basi mama, ileteni nyumbani. Tumalize pamoja."

Akasukuma kuni chini ya pipa.

"Hapana. Lukresia hatutampeleka mahali ambapo hajulikani. Nyie malizeni wa kwenu, yule mwenye kilimo. Sisi tutammaliza huyu wetu." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Lakini kilabu hakina mlango. Atakayekuja, atakuja."

Jumanne, 24 Juni

Nimemweleza baba mdogo Thadei kila kitu, na kutikisa kichwa pia. Alichukua randa yake akairudisha mahali pake. Halafu akasema, "Basi baada ya chakula tutakwenda huko waliko, ukoo mzima. Na wewe ndiye utakayetangaza kwenye jumuiya, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa."

Alhamisi, 26 Juni

Jumuiya ilikuwa kwa mwenyekiti. Tulisali, tukasoma, nikapewa nafasi ya matangazo. Nilikuwa nimejifunza sentensi njia nzima: Arobaini ya Bibi yetu, mpika komoni, itamalizikia kilabuni kwake, karibuni wote. Nikasimama. Nikawaona wote wamevaa vizuri, wananisikiliza.

Nikasema, "Baada ya chakula familia itakwenda kumalizia kwa ndugu zake wengine, hapo hapo Msamala."

Ndugu wengine! Kinywa kilisema chenyewe, kwa sauti nzuri ile ile ya mazishi. Nikakaa. Wakasali sala ya kufunga. Sijui niandike nini tena kuhusu mtu wa namna hii.

Jumapili, 29 Juni

Naandika ya jana.

Misa ilikuwa nzuri. Chakula kilitosha. Baada ya kula, wa jumuiya wengi waliaga, wachache wakabaki kwa udadisi. Baba mdogo Thadei akasimama na kofia mkononi, akasema kwa sauti yake ndogo, "Sasa tunakwenda kilabuni kwa mama. Anayemfahamu atufuate." Ameisema kirahisi hivyo. Tukashuka barabarani, upepo unatupiga vumbi usoni.

Walikuwa wanatungoja. Wale vitenge vya kijani wakatoka wakapiga vigelegele, wakamkumbatia baba mdogo, wakamlilia upya, naye akalia nao kwa sauti, kitu ambacho makaburini hakukifanya. Bi Mwanaheri wakamvuta mkekani katikati yao, wakamletea togwa waliyompikia kwenye chungu cha peke yake. Jane alikuwa ameshafika kabla yetu. Wamemfunga kitenge cha kijani, ameshika kata, anagawa, na Hassani anambebea ndoo huku wanamtania kwamba mtoto wa tumbo amekuwa mwanamume.

Mimi nilielekea mkekani. Mama Isidori akaniwahi. Alikuwa na kiti cha plastiki, kipya, cheupe, akakifuta kwa kanga ingawa hakikuwa na vumbi, akakiweka mahali penye kivuli, pembeni kidogo. Akaniletea soda yenye mrija kwenye sahani, akanipa akiwa amepiga goti.

"Karibu sana, mgeni wetu."

Nikasema, "Mama, naomba nikae na nyie."

"Aa, chini kuna umande wa pombe, utachafua nguo yako nzuri. Kaa hapo, utatuona vizuri."

Pombe ya kwanza wakaimimina chini, pale alipokuwa anakaa Bibi. Halafu kila mtu wa mkekani akasimulia, kwa zamu, kuzunguka. Mmoja alisema Lukresia alimzalisha usiku wa mvua kwa mwanga wa moto wa mapipa. Mwingine alisema alikuwa anapigwa na mumewe, Lukresia akamwambia yule mume kwamba hapati komoni Songea nzima mpaka aache, na akaacha. Bi Mwanaheri akasimulia ya sufuria. Baba mdogo akasimulia alivyokuwa analala utotoni kwenye gunia la kimea kwa sababu lina joto. Jane aliimba kile Kilatini chake cha uongo, wakaitikia wote, wanakijua, wana sehemu zao za kupokea. Nilikuwa sijui kwamba kile Kilatini kina viitikio.

Zamu ilizunguka ikarudi ilikoanzia. Kitini haikufika. Mgeni hachoshwi kwa maswali. Nami nilikuwa na la kusema, nilikuwa nalo tayari, hata kinywa nilikuwa nakiamini safari hii. Nikanyoosha mkono kidogo, nusu. Mama Isidori alifikiri namwita, akaitikia kwa kichwa kwamba anakuja.

Kando ya kiti changu alikuwa amekaa mzee mmoja mnywaji wa siku nyingi, lita yake magotini. Akanigeukia kwa adabu.

"Na wewe, mama, umetokea wapi? Wa kanisani?"

"Mimi ni mjukuu wake," nilisema. Nilisema kwa sauti, wengine wakasikia. "Mjukuu wake wa kwanza. Bibi Lukresia ndiye aliyenilea."

Akanitazama, akatazama kiti, akatazama soda. Akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemwacha mgeni atanie.

"Mjukuu wa Lukresia namjua," alisema. "Yule pale anagawa."

Mama Isidori alikuwa ameshafika, amesimama mbele yetu, amesikia kila neno. Nilimwangalia nikingoja amwambie. Aliinama akachukua chupa tupu kwenye sahani yangu, akaniuliza kama ningependa soda nyingine.

Nikasema inatosha, asante.